Mgeni Mwenye Jembe: Jinsi ya Kuwa Shabiki wa Klabu ya Uingereza Ukiwa Dodoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Singida, ambaye hutazama mpira wa Uingereza mara moja moja na sasa anataka kuwa na klabu yake, ajulikane kuwa ni shabiki wa timu fulani badala ya kushangilia yeyote anayeongoza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami naona methali hiyo inamfaa sana shabiki wa mbali. Klabu ya Uingereza ina wenyeji wake, watu waliozaliwa mitaa ya jirani na uwanja, ambao babu zao walikwenda kwenye mechi kwa miguu, na sisi wa huku tunaingia kama wageni. Ugeni si aibu, lakini una adabu zake, na baada ya muda una kazi zake pia.

Hatua ya kwanza: chagua klabu kwa sababu utakayoweza kuitetea siku timu imefungwa

Swali la kwanza utakaloulizwa kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira ni kwa nini umeichagua timu hiyo, na jibu la kwamba inachukua makombe halidumu, kwa kuwa makombe huhama. Manchester United walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara 13 kati ya 1993 na 2013, kisha wakakaa zaidi ya miaka 10 bila kuuona tena. Leicester City walikuwa mabingwa mwaka 2016, na mwaka 2023 wakashuka daraja. Aliyewafuata kwa sababu ya kombe pekee alijikuta hana la kusema.

Mimi niliingia kwa mlango wa mchezaji. Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa akitokea Genk ya Ubelgiji, na tarehe 1 Februari akawafunga Bournemouth, akiwa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza, ingawa Villa walipoteza mechi hiyo kwa mabao 2 kwa 1. Mwezi mmodi baadaye, katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, aliwafunga Manchester City kwa kichwa kabla ya mapumziko, na kibanda kizima cha Chang'ombe nilimokuwa kilisimama, wakiwemo watu ambao wiki iliyotangulia hawakujua Birmingham iko upande gani wa Uingereza. Villa walifungwa 2 kwa 1 siku hiyo pia. Septemba mwaka huohuo Samatta akaenda Fenerbahçe, na wenzangu wengi wakarudi kwenye timu zao za zamani siku hiyohiyo.

Mimi nilibaki. Katika miezi ile nilikuwa nimezoea kuusoma msimamo wa ligi kuanzia chini kwenda juu, na siku ya mwisho ya msimu, tarehe 26 Julai, Villa walipotoka sare ya 1 kwa 1 na West Ham wakanusurika kushuka kwa tofauti ya pointi 1 tu, niligundua kwamba moyo ulikuwa umekwenda mbio kwa ajili ya klabu, maana Samatta mwenyewe nilikuwa nimemsahau kwa muda. Kwa hiyo nashauri hivi: mlango wa mchezaji ni mzuri kuingilia, lakini tafuta sababu ya pili mapema, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.

Sababu za pili ziko nyingi. Unaweza kuangalia asili ya klabu, kwa sababu nyingi zilianzishwa na watu wa kazi moja au waumini wa kanisa moja. Manchester United ilianza mwaka 1878 kwa jina la Newton Heath, ikiwa timu ya wafanyakazi wa reli, jambo linaloweza kumgusa mtu wa Dodoma ambaye mji wake umekua kandokando ya Reli ya Kati. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, ndiyo maana tunawaita Washika Bunduki, na West Ham walitokana na kiwanda cha kuunda meli na chuma, wakabaki na jina la Wagonga Nyundo. Villa wenyewe walianza mwaka 1874 kupitia vijana wa kanisa waliokuwa wakicheza kriketi na wakatafuta mchezo wa kuwaweka pamoja wakati wa baridi.

Rangi nayo ni sababu halali, ijapokuwa wapo wanaoicheka. Mwana Simba ana nyumba nyingi nyekundu za kuchagua, kuanzia Liverpool hadi Nottingham Forest, ambao walitwaa Kombe la Ulaya mara 2 mfululizo, mwaka 1979 na 1980. Mwana Yanga mwenye kutaka kijani na njano hana budi kwenda Norwich City, na namwonya mapema kwamba klabu hiyo hupanda na kushuka daraja kama lifti.

Usiharakishe. Jipe miezi 2, tazama mechi za timu 3 au 4, na uhakikishe umeiona kila moja ikifungwa. Kama Jumatatu asubuhi, ukiwa kwenye daladala ya kwenda Mtumba, bado unatafuta habari za timu iliyopigwa jana, basi umeshachagua. Kuanzia hapo hakuna kuhama. Mtu anayebadili klabu hubaki kuwa kichekesho cha kijiwe kwa miaka.

Hatua ya pili: zifahamu ngazi za mashindano

Hili ni fupi. Ligi Kuu, iliyoanza mwaka 1992, ina klabu 20, na kila moja hucheza mechi 38, nyumbani na ugenini. Klabu 3 za mwisho hushuka hadi Championship, yenye klabu 24 na mechi 46, na chini yake kuna madaraja mengine 2 ya klabu 24 kila moja, hivyo jumla ya klabu katika ngazi 4 za juu ni 92. Kutoka Championship hupanda 2 za kwanza moja kwa moja, na ya 3 hupatikana kwa mechi za mchujo. Makombe ya ndani ni mawili, Kombe la FA lililoanza msimu wa 1871/72 na Kombe la Ligi. Usiyadharau, kwa sababu ndiko klabu za kawaida hupata furaha zake. Mwaka 2025 Newcastle walitwaa Kombe la Ligi na Crystal Palace wakatwaa Kombe la FA, na kwa Palace hilo lilikuwa kombe kubwa la kwanza katika historia yao.

Hatua ya tatu: zijue saa

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Uingereza hubadili saa mara 2 kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati sisi hatubadili kabisa. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi tunawatangulia kwa saa 3, na katika miezi mingine tunawatangulia kwa saa 2. Mechi ya kawaida ya Jumamosi, ambayo kwao huanza saa 9:00 alasiri, kwetu huanza saa 12:00 jioni wakati wa baridi yao, na saa 11:00 jioni katika miezi ya mwanzo na ya mwisho wa msimu. Aliyezoea saa 12:00 akisahau badiliko la Machi, atafika kibandani na kukuta timu zinaingia kipindi cha pili, na kiingilio atalipa kilekile.

Mechi ya mapema ya Jumamosi kwetu huanza saa 9:30 alasiri au saa 8:30 mchana, kwa hiyo mtu aliyekwenda mnadani Msalato na bado anasubiri nyama ya mbuzi iive, ajue kwamba hatawahi. Mechi ya jioni yao huwa saa 2:30 au saa 1:30 usiku, muda ambao nadhani ndio mzuri kuliko yote kwa mtu mwenye familia. Zile za katikati ya wiki, zinazoanza saa 2:00 usiku kwao, kwetu huanza saa 5:00 usiku wakati wa baridi na kumalizika karibu na saa 7:00. Mfanyakazi wa ofisi ya serikali anayepaswa kuwa mezani saa 1:30 asubuhi anahitaji kupima mambo, na mimi siku hizi hulala, nikayatazama mabao asubuhi kwa simu.

Kumbuka pia kwamba ratiba inayotolewa kabla ya msimu kuanza si ya mwisho, kwa sababu mechi husogezwa ili zionyeshwe kwenye runinga. Iangalie upya kila wiki, na kama simu yako inaandika 18:00, hiyo ni saa 12:00 jioni yetu, mradi umeweka majira ya Afrika Mashariki.

Katika suala hili la saa sisi tuna bahati moja ambayo wenyeji hawana. Huko Uingereza mechi zinazochezwa Jumamosi saa 9:00 alasiri haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga, kwa lengo la kulinda mahudhurio ya viwanjani, hasa ya klabu ndogo. Katazo hilo haliwahusu watazamaji wa nje. Kwa hiyo mzee wa Birmingham asiye na tiketi hukaa na redio yake, wakati wewe uliye Nkuhungu unaiona mechi yote.

Hatua ya nne: tafuta mahali pa kutazamia

Haki za kuonyesha ligi hii kwa eneo letu zimekuwa mikononi mwa SuperSport kwa miaka mingi, na hupatikana kupitia king'amuzi cha DStv. Kabla hujalipia kifurushi, muulize wakala kwa majina ni chaneli zipi zimo, kwa kuwa si kila kifurushi huonyesha kila mechi, na shabiki wa klabu isiyo kubwa ndiye wa kwanza kukosa. Desemba na Januari, ambapo mechi hufuatana karibu kila siku 3, ndiyo miezi ambayo mvua za Dodoma hunyesha, na mvua kubwa hukata mawimbi ya dishi. Hakuna dawa ya hilo zaidi ya kuhakikisha fundi amelifunga dishi barabara, na kununua umeme wa Luku mapema badala ya kusubiri dakika ya 80.

Hata kama una king'amuzi nyumbani, nakushauri uwe na kibanda umiza chako. Ushabiki hujifunzwa benchini, ukiwa umebanwa kati ya mtu wa Arsenal na mtu wa Chelsea wanaokukumbusha kipigo cha mwaka juzi. Tatizo ni kwamba mwenye kibanda hufuata wingi wa wateja, na zikigongana mechi 2, runinga kubwa huenda kwa timu kubwa. Nimejifunza kumwendea siku moja kabla na kusema kwa upole, "Kaka, kesho sisi wa Villa tutakuwa watano, tuwekee ile runinga ya pembeni hata bila sauti." Neno "watano" ndilo lenye nguvu, maana ni viingilio vitano. Ukiwa peke yako, tafuta wenzako kwanza. Katika mji wenye vyuo vingi na watumishi waliohamia kutoka kila mkoa, huwezi kukosa mtu mwingine anayeshabikia klabu yako, ila pengine naye anadhani yuko peke yake.

Ukikosa vyote, klabu nyingi hutangaza mechi zake kwa sauti kwenye tovuti au programu zake, na sauti hula bando kidogo sana ikilinganishwa na video. Epuka tovuti za wizi, ambazo picha yake hukwama penalti inapokaribia kupigwa na ambazo huingiza takataka kwenye simu.

Hatua ya tano: ijue klabu kama mtaa

Mtu anaweza kutaja kikosi kizima cha timu yake na asijue uwanja uko mji gani. Mwenyeji atamtambua mara moja. Anza na jiografia: Villa Park iko Birmingham, Old Trafford iko nje kidogo ya kitovu cha Manchester, na Newcastle ni mji wenye klabu moja kubwa tu, ndiyo maana huko mpira huwa habari ya kila nyumba. Kisha nenda kwenye magomvi. Everton ndio waliokuwa wakicheza Anfield, wakagombana na mwenye uwanja kuhusu kodi ya pango pamoja na mengine, wakahama mwaka 1892, naye akabaki na uwanja mtupu na kuunda klabu mpya iitwayo Liverpool. Ukilijua hilo, dabi ya mji huo unaiona kama ugomvi wa ndugu, mfano wa Simba na Yanga ambao chimbuko lao ni moja.

Jua pia kwamba wenyeji huihesabu klabu kuwa mali ya jamii, hata pale karatasi zinapomtaja tajiri fulani kuwa mmiliki. Wamiliki wa Wimbledon walipoamua kuihamishia klabu yao Milton Keynes, mashabiki walianzisha klabu nyingine mwaka 2002, AFC Wimbledon, ikaanzia madaraja ya chini kabisa na kupanda hadi ligi za kulipwa. Aprili 2021 klabu 6 kubwa zilitangaza kujiunga na ligi mpya ya matajiri wa Ulaya, na ndani ya siku 2 zote zikajitoa, baada ya mashabiki kujaa barabarani na lawama kutoka kila upande.

Suala la utani linahitaji uangalifu wa pekee. Sisi tumezoea mtani kuingia hata msibani, akalala kwenye kaburi, akadai chake, na wafiwa wakacheka wakapata nafuu. Huko hakuna desturi hiyo. Ajali ya ndege ya Munich ya tarehe 6 Februari 1958, iliyoua watu 23, wakiwemo wachezaji 8 wa Manchester United, na maafa ya Hillsborough ya tarehe 15 Aprili 1989, yaliyoua mashabiki 97 wa Liverpool, hayaguswi kwa mzaha hata kidogo, iwe uwanjani au kwenye mtandao. Taniana na watu kuhusu mabao, usajili na kipa anayetema mipira, na hayo yanatosha kwa msimu mzima.

Hatua ya sita: jezi

Jezi ya kwanza niliyonunua mjini ilikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea badala ya damu ya mzee, na jina la Samatta liliandikwa kwa herufi "t" moja. Iliponyeshewa mara moja, namba ikabanduka. Ukitaka halisi, tazama lebo ndogo ya ndani yenye namba ya bidhaa, linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, na kagua ushonaji wa nembo kwa upande wa ndani. Njia ninayoipenda zaidi ni mitumba, kwa kuwa kwenye marobota ya Sabasaba huweza kupatikana jezi halisi ya zamani, yenye mdhamini ambaye hayupo tena, kwa bei ndogo kuliko feki mpya ya dukani. Inahitaji uvumilivu na kuamka mapema.

Hatua ya saba: tenga ushabiki na mkeka

Sitahubiri. Nasema tu kwamba mtu aliyebeti kwamba klabu yake itafungwa amejiweka mahali pabaya siku hiyo, kwa maana bao la timu yake litamuuma. Klabu za Ligi Kuu zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa majina ya kampuni za kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Ukiona lazima ubeti, acha mechi za klabu yako nje ya mkeka.

Hatua ya nane: pokea jembe

Kwa misimu 2 unaweza kukaa kama mgeni. Msimu wa 3 fanya kazi. Kazi ya kwanza ni kuwakusanya wenzako, muwe na kundi la WhatsApp, kibanda mnachokijua na mtu wa kukumbusha saa. Klabu nyingi hutambua rasmi matawi ya mashabiki ya nje zikipelekewa orodha ya wanachama na viongozi, na baadhi huyapa matawi hayo nafasi ya kuomba tiketi. Kazi ya pili ni uanachama wa mtu binafsi, unaolipiwa kwa mwaka kupitia tovuti ya klabu. Huo si tiketi, ila hukupa haki ya kununua tiketi kabla ya watu wa nje, na kwa klabu kubwa bila uanachama ni vigumu kupata chochote.

Ukijaliwa kusafiri, omba viza ya matembezi mapema. Fomu hujazwa mtandaoni na alama za vidole hutolewa Dar es Salaam. Tiketi nunua kwa klabu yenyewe tu, kwa kuwa kuuza tiketi ya mpira kwa njia isiyo rasmi ni kosa la jinai huko tangu 1994, na unaweza kuzuiwa mlangoni ukiwa umeshalipa nauli ya ndege. Ukiwa na tiketi ya upande wa wenyeji, usivae jezi ya wageni wala kushangilia bao lao, kwani mashabiki wa timu ngeni hutengewa sehemu yao na utatolewa nje.

Kazi ya mwisho haiko Uingereza. Dodoma Jiji wanacheza Uwanja wa Jamhuri, na mtu anayejua majina ya akiba wote wa Villa lakini hajawahi kukaa jukwaani kuwatazama Walima Zabibu, hukosa kujua mpira unanukaje. Wala ratiba haziingiliani. Mechi ya saa 10:00 jioni ikiisha pale Jamhuri karibu na saa 12:00, unapata muda wa kula chipsi mayai, kunawa vumbi, na kuwahi benchi la mbele kabla ya ile ya saa 2:30 usiku.